PHP-FPM Ikiharibika, Inasemea Wapi?

Habari zenu watazamaji. Tazameni skrini yangu. Nimefungua tovuti, nimejaza jina na nywila, nimebofya kitufe cha kuingia, na jibu nililopewa ni hili: ukurasa mweupe pe. Hakuna ujumbe wala neno moja la kunielekeza. Kama umewahi kusimamia tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, naamini moyo umekuruka kidogo hapo ulipo.

Leo nachambua PHP-FPM, kifurushi kinachoendesha skripti za PHP nyuma ya seva ya wavuti. Kwenye mashine hii seva hiyo ni nginx. Wachambuzi wengi wa vifurushi vya aina hii hupima kasi: maombi mangapi kwa sekunde, kumbukumbu kiasi gani. Hayo sitayagusa. Nimekitumia kwa miaka mingi, na swali lililonila saa nyingi kuliko yote ni lingine kabisa: siku kikiharibika kinasema nini, na kinasemea wapi?

Historia kidogo itatusaidia. Rasmus Lerdorf aliitoa PHP hadharani mwaka 1995, na kwa muda mrefu watu wengi waliiendesha ikiwa ndani ya seva ya wavuti ya Apache yenyewe, kama moduli. Hitilafu ikitokea, aghalabu ulifungua logi (faili la kumbukumbu za matukio) moja tu. FPM ilianza kama kiraka cha pembeni, kisha ikaingizwa rasmi kwenye PHP 5.3.3 mwaka 2010, na ikagawa kazi: nginx inapokea ombi, inalipitisha kwenye soketi (mlango wa mawasiliano kati yake na FPM), mmoja wa michakato ya FPM unalipokea, na mchakato huo ndio unaoendesha skripti yako. Mgawanyo huu una faida kubwa. Ila sasa kosa linaweza kuzaliwa sehemu tatu tofauti, na likaandikwa mahali ambapo hukuwaza kuangalia.

Turudi kwenye ukurasa wetu mweupe. PHP inakuja na mafaili mawili ya mfano ya php.ini, faili la mipangilio yake: moja la kutengenezea programu na moja la tovuti iliyo hewani. Hilo la pili linazima display_errors, na naona wamefanya jambo sahihi, kwa sababu ujumbe wa kosa ukimfikia mgeni unamwonyesha mafaili yako yamekaa wapi. Lakini mstari wa error_log wameuacha bila thamani. Basi ujumbe unakwenda wapi? Wengi hufungua logi ya FPM, wanakuta imeandika tu kwamba imewaka na iko tayari, wanashika tama. Haupo pale. FPM imeurudisha kwa nginx, na nginx ndiyo iliyouandika. Nafungua error.log ya nginx, nashuka mpaka chini... huu hapa. Unaanza na maneno "FastCGI sent in stderr", na mbele yake kuna "PHP Fatal error: Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted". Kosa lilikuwepo tangu mwanzo, limeandikwa vizuri kabisa pamoja na faili na namba ya mstari.

Mimi huipa PHP faili lake la error_log, na umiliki wa faili hilo naukabidhi kwa mtumiaji anayeendesha FPM. Ukisahau umiliki, PHP itashindwa kuandika na ujumbe utarudi kulekule kwa nginx.

Hiyo namba 134217728 naomba uikariri. Ni megabaiti 128, kiwango cha kawaida cha memory_limit (kikomo cha kumbukumbu kwa skripti moja), kikiandikwa kwa baiti. Niliwahi kuisaidia tovuti moja iliyokuwa inakufa kila inapotengeneza ripoti ya mwezi. Skripti ileile nikiiendesha kwenye terminali inamaliza salama, kwenye kivinjari inakufa. Nikapandisha memory_limit, nikahifadhi, nikapakia upya FPM. Kosa palepale. Nikapandisha tena. Nilipotulia na kuusoma ujumbe neno kwa neno, nikaona namba haijasogea hata baiti moja. Hapo ndipo nikaelewa: faili ninalohariri, FPM hailisomi.

Kwenye Debian na Ubuntu kuna php.ini ya terminali ndani ya folda ya cli, na nyingine ndani ya folda ya fpm. Ukiandika php --ini kwenye terminali, unaonyeshwa ile ya terminali. Na ile ya terminali imewekewa memory_limit ya -1, yaani bila kikomo, ndiyo maana skripti ilimaliza salama kule. Ukitaka ukweli wa FPM, weka phpinfo() kwenye faili dogo, lifungue kwa kivinjari, usome mstari wa "Loaded Configuration File". Ukimaliza, lifute faili hilo siku hiyohiyo, maana linaanika kila kitu cha seva yako.

Kosa la 502 linawatisha watu, lakini kwangu ni kosa rafiki. Maana yake nginx imekwenda kwa FPM na haikupata jibu la maana. Logi ya nginx inaweka namba kwenye mabano, na namba hiyo inakupeleka moja kwa moja mahali pa kugusa. Ukiona 2, "No such file or directory", soketi haipo: ama FPM imezimika, ama umepandisha toleo na jina la soketi limebadilika kutoka php8.1-fpm.sock kwenda php8.2-fpm.sock huku nginx ikiendelea kugonga mlango wa zamani. Ukiona 13, "Permission denied", soketi ipo ila nginx hairuhusiwi kuigusa, kwa hiyo angalia listen.owner na listen.group. Ukiona 111, hakuna anayesikiliza upande wa pili. Hapa nawapa alama zote. Nilitamani kila kosa kwenye mnyororo huu lingezungumza hivi.

Sasa tuje kwenye kitu kilichonifanya niandae video hii, yaani tovuti inayoganda.

Tovuti haifi. Inaganda. Ukurasa unazunguka, unazunguka, baada ya sekunde 60 nginx inachoka na kutoa 504. Unaangalia kichakato cha mashine (CPU), kimelala. Kumbukumbu iko tele. Kila kitu kinaonekana shwari na bado hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka, hata ule wa kuwasiliana nasi usiohitaji hifadhidata. Hali hii ilinikuta kwenye duka la mtandaoni nililokuwa nalisimamia. Logi ya FPM ilikuwa na mstari mmoja tu: "server reached pm.max_children setting (5), consider raising it". Niliutii. Nikapandisha kutoka 5 hadi 20. Duka likapumua kwa muda, kisha likaganda tena, safari hii na michakato 20 badala ya mitano.

Ujumbe ule ni wa kweli, lakini ushauri wake uliniongoza vibaya. Unakuambia michakato yote imeshikwa. Imeshikwa na nini, haukuambii. Hebu fikiria una makarani watano na wote wako kwenye simu wakisubiri upande wa pili upokee. Ukiajiri wengine 15, nao watakaa kwenye simu.

Jibu lilikuwa kwenye chombo ambacho FPM inacho siku zote lakini kimezimwa: logi ya maombi ya polepole. Unaweka request_slowlog_timeout, tuseme sekunde 5, na unaipa slowlog njia ya faili. Kuanzia hapo, ombi likipita sekunde tano, FPM inausimamisha mchakato kidogo, inachungulia ndani yake na kuandika ulikuwa unafanya nini wakati huo: funksheni ipi, iliitwa na ipi, faili gani, mstari gani. Tazameni, nimeigandisha makusudi tovuti ya majaribio. Nahesabu... tano. Tayari. Mstari wa kwanza: curl_exec(). Wa pili: funksheni inayouliza bei ya usafirishaji kwenye seva ya nje. Ndivyo ilivyokuwa siku ile dukani. Seva ya nje ilikuwa inapokea muunganisho halafu inanyamaza, na aliyeandika msimbo hakuweka CURLOPT_TIMEOUT, ambayo usipoiweka ni sifuri, yaani subiri milele. Tuliongeza mstari mmoja wa msimbo, na duka halikuganda tena kwa sababu hiyo.

Utaniuliza, si kuna max_execution_time ya sekunde 30? Ipo. Lakini kwenye Linux saa ile haihesabu muda skripti inaosubiri mtandao au hifadhidata. Inahesabu muda wa skripti yenyewe kufanya kazi. Mchakato uliolala ukisubiri jibu unaweza kukaa nusu saa bila kuguswa. Na nginx ikishatoa 504, FPM haijui kwamba mgeni ameondoka, inaendelea kushikilia mchakato. Kinachokata kweli ni request_terminate_timeout, na hiyo nayo imezimwa mpaka uiwashe. Jambo moja kwa wanaotumia kontena: slowlog hutegemea ruhusa ya ptrace, yaani ya mchakato mmoja kuchungulia mwingine, kwa hiyo kontena isipopewa SYS_PTRACE, FPM inashindwa kuchungulia na hupati ule mfuatano wa funksheni.

Kupakia mafaili nitapita haraka, ingawa hapa nawanyima alama. Kuna vizuizi vitatu na kila kimoja kina namba yake: nginx inakubali megabaiti 1, upload_max_filesize ya PHP (faili moja) ni 2, post_max_size (fomu nzima) ni 8. Ukikwama kwa nginx unapata kosa la 413, yaani ombi ni kubwa mno, na hilo linaeleweka. Ukivuka post_max_size, skripti yako inaendeshwa kama kawaida huku $_POST na $_FILES, yaani data ya fomu na mafaili yaliyotumwa, zote zikiwa tupu. Mtumiaji amejaza fomu nzima, anaambiwa "jina linahitajika". Onyo linaandikwa kwenye logi, ndiyo, lakini skripti yenyewe haipewi dalili ya wazi zaidi ya utupu huo.

Halafu kuna "headers already sent". Ujumbe huu unakutajia faili na mstari ambapo maandishi yalianza kutoka, na bado watu wanahangaika nao siku nzima kwa sababu wakifungua mstari huo hawaoni kitu. Kitu kipo, ila jicho halikioni. Ninalo faili hapa, mstari wa 1, linaanza na alama ya kufungulia PHP, safi kabisa. Nalipitisha kwenye xxd, inayoonyesha baiti moja moja: ef bb bf. Baiti tatu kabla ya herufi ya kwanza, zimewekwa na kihariri kilichohifadhi faili kama UTF-8 yenye BOM, alama isiyoonekana ya mwanzo wa faili. PHP imezituma kwa kivinjari kama maandishi, na baada ya hapo hairuhusiwi tena kutuma kuki wala kumhamisha mtu ukurasa. Kwa nini kwenye kompyuta ya mwenzako inafanya kazi? Angalia output_buffering. Kwake huenda ni 4096, PHP inahifadhi maandishi kwanza kabla ya kuyatoa, na kosa linajificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua: siku ukurasa ukizidi baiti 4096 kabla ya kuki kutumwa, kosa linaibuka na hakuna anayekumbuka faili lile.

Kuhusu OPcache, inayotunza kwenye kumbukumbu msimbo ambao PHP imekwisha kuutafsiri, kama umebadilisha msimbo na tovuti inaonyesha wa zamani, angalia opcache.validate_timestamps. Ikiwa 0, haitasoma badiliko lolote mpaka upakie upya FPM. Usianze kuushuku msimbo wako kabla ya hapo.

Nimeulizwa pia kuhusu Xdebug, kiendelezi cha Derick Rethans. Kwa kufukuza hitilafu kwenye kompyuta yako, sijaona cha kulinganisha nacho. Unaweka kituo kwenye mstari, skripti inasimama pale, unasoma thamani ya kila kigeu. Ukifuata maelekezo ya zamani hakitaunganika, kwa sababu toleo la 3 lilihama kutoka poti 9000 kwenda 9003. Ile 9000 ilikuwa inagongana na FPM yenyewe. Ita xdebug_info() kwenye ukurasa, itakuonyesha ilijaribu kuunganika wapi na ikashindwa kwa nini. Kwenye seva iliyo hewani usiiweke kabisa, inapunguza kasi mno.

Basi, PHP-FPM naipendekeza, na nitaendelea kuitumia. Malalamiko yangu ni kwamba vyombo vyake bora vimezimwa, na mtu anavigundua usiku ambao tovuti imeshaganda. Faili mnaloliona sasa ni www.conf, la mipangilio ya FPM. Tafuta mistari miwili, slowlog na request_slowlog_timeout. Yote miwili imetanguliwa na nuktamkato. Iondoe, ipe slowlog njia ya faili kwenye folda iliyopo, weka 5s kwenye huo wa pili, endesha php-fpm8.2 -t kwa toleo kama langu kuhakikisha hujakosea herufi, kisha pakia upya. Fanya hivyo leo, tovuti ikiwa bado nzima.