Wahariri wa Kiingereza, Oginga Odinga Street, Kisumu: koma wanaijua, anwani bado

Duka hili la kuchapa na kuhariri linastahili sifa kwa orodha. Kwenye menyu ya hoteli wameandika “tea, chapati, and rice and beans”. Koma iliyo kabla ya “and” ya kwanza ndiyo inayomwonyesha mteja kwamba wali na maharagwe ni sahani moja. Penye vitu viwili tu, “fish and ugali”, hawaweki koma, na ndivyo inavyotakiwa.

Koma hiyo si urembo. Huko Maine, Marekani, kukosekana kwake katika sheria ya malipo ya ovataimu kuliwapa madereva wa maziwa ushindi kwenye rufaa mwaka 2017. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.

Wanakokwama ni kwenye anwani. “Ahero, Kisumu, Njoro, Nakuru” inasomeka kama matawi manne, ilhali ni mawili. Hapo panahitaji nukta mkato: “Ahero, Kisumu; Njoro, Nakuru”. Tena ukurasa wa kwanza una koma ya mwisho (ile ya kabla ya “and”), wa tatu hauna. Ukiwapelekea kazi, andika juu kabisa mtindo unaoutaka (magazeti mengi ya Uingereza hayaiweki koma hiyo), kisha kagua kila orodha kabla ya kulipa.