TAHADHARI: Fundi wa "kuchovya mabaka" vitako vya bunduki hapa Tabora

Mwangaluka ndugu zangu. Hili nawaletea hasa wenzangu wenye bunduki za kibali mnaojiandaa na msimu wa uwindaji wa Julai. Lakini na nyie wa boda mnaotaka matanki yenu "yachovywe", yaani yapate michoro kwa kuzamishwa kwenye maji yenye wino, someni, maana mtu ni yuleyule.

Nina raifo yenye kitako, yaani ile sehemu unayoegemeza begani inayobeba mtutu, cha plastiki nyeusi. Kwa kukaa sana mikononi, pale ninapoegemeza shavu pameanza kung'aa kama kiatu cha harusi, nikatamani kipate mabaka ya rangi ya nyasi kavu na magome ya miyombo. Mama watoto aliniambia mapema kwamba swala hakimbii rangi, anakimbia harufu na mtikisiko. Yeye hajawahi kushika bunduki maishani mwake, na ningemsikiliza ningekuwa na hela yangu.

Huyu fundi anatangaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa mjini. Picha zake ni safi mno. Moja ina kitako kizuri kimelazwa juu ya gogo, na nyuma ya gogo kuna theluji. Theluji, Tabora! Mimi nililiona hilo baada ya kulipa.

Bei ilikuwa 180,000, nusu itangulie kwa simu. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lile alilojitambulisha nalo, nikamuuliza, akajibu laini ni ya shemeji. Kila tapeli wa nchi hii ana shemeji mwenye laini. Nikatuma 90,000.

Sasa elewa alichokuwa anauza. Kuchovya kwa kweli kupo, wala si uchawi. Kuna karatasi laini kama nailoni yenye michoro, inatandazwa juu ya maji ya uvuguvugu, kama nyuzijoto 30 hivi. Inapuliziwa dawa, karatasi inayeyuka na wino unabaki unaelea. Kitu kinazamishwa taratibu kwa mshazari, mchoro unakishika pande zote, kinasuuzwa kwa maji, kinakauka, kinapigwa rangi ya juu isiyo na rangi ili kulinda mchoro. Kwa kazi hiyo unahitaji beseni kubwa. Kitako changu kina urefu wa sentimita 75. Nilipopita kwake siku ya tatu kuulizia, chombo pekee chenye maji kilikuwa ndoo ya lita 20, na ndani yake kulikuwa na brashi. Alipoona naiangalia akasema beseni limeazimwa.

Nilichopewa mwishoni ni rangi ya kopo la kupuliza, ile ya kugusia magari, juu ya majani yaliyobandikwa kwa selotepu ili yaache alama. Majani yenyewe ni ya mwembe. Inameta, ukiishika juani unaweza kujitazama usoni, kitu ambacho mtu wa porini hakitaki kabisa. Mpira wa bega hakuuvua, kaupaka nao. Vishikio vya mkanda navyo vimegandishwa na rangi.

Lililonitia hasara kuliko yote halionekani ukiwa umekishika kitako nje. Alipuliza mpaka ndani, kwenye mfereji unaopita chini ya mtutu na pale chuma kinapokaa. Bunduki yangu mtutu haugusi kitako, zamani nilikuwa napitisha noti ya elfu mbili katikati yake bila kukwama. Nilipoifunga tena, noti ikakwama nusu ya njia. Mtutu ukiegemea upande mmoja, risasi inahama, na ukipata moto inazidi kuhama. Nilipojaribu kwenye shabaha ya mita 100, risasi zilikuwa zimekwenda kushoto upana wa kiganja. Hebu fikiria hiyo mbele ya nyati aliyekwisha kukuona.

Na rangi haikudumu. Siku ya pili porini nilijipaka dawa ya kuzuia mbu na mbung'o, ile yenye DEET, na hiyo inayeyusha rangi nyingi pamoja na baadhi ya plastiki. Nikashika kitako, kiganja kikatoka na jani la mwembe.

Sababu ni rahisi: hakukwangua wala hakuosha. Vitako hivi vingi ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na vikitoka kwenye kalibu huwa vina mabaki ya mafuta yanayopakwa ili visigande. Rangi haishiki juu ya mafuta. Fundi anayejua ataosha kwa sabuni, atapitisha msasa laini kama namba 400 mpaka mng'ao wote uishe, atafuta kwa spiriti, ataziba mfereji wa mtutu kwa selotepu, atapiga praima ya plastiki, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, ndipo aje na rangi isiyometa kwa mikono myepesi myepesi, akiacha kila mkono ukauke. Muulize fundi wako anatumia msasa namba ngapi. Wangu nilipomuuliza alicheka.

Mpaka hapo ni hela tu. Kilichonifanya niandike ni hiki: mwanzoni alitaka nimpelekee bunduki nzima, na chuma chake, "nipake na mtutu vifanane," na niiache kwake siku nne. Nilikataa, nikafungua mwenyewe na kumpa plastiki tupu. Mwenzangu mmoja wa Urambo anasema naye aliombwa vilevile. Jamani, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kibali ni cha kwako wewe uliyeandikwa, na fundi wa silaha ana leseni yake. Ukimwachia bunduki mpiga rangi wa mtaani, ikipotea utakayeitwa kituoni ni wewe. Na akipuliza rangi juu ya namba ya silaha, kawaelezee polisi kwamba hukukusudia kuificha.

Ana pia picha za mabaka anayoyaita "ya jeshi kabisa", na hayo anayauza ghali zaidi. Mji wetu una kambi, na sote tunakumbuka Agosti 2023, JWTZ ilipowapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo. Agizo lile lilihusu mavazi, si vitako, lakini mimi nisingependa kuwa mtu wa kwanza kwenda kueleza tofauti hiyo kizuizini.

Nimemdai anirudishie nusu ya hela, akanizuia kwenye simu. Kwenye magrupu amebadilisha jina na picha ya wasifu. Taarifa nimeipeleka polisi pamoja na ujumbe wa muamala, kwa hiyo kama nawe amekupiga, usifute ujumbe wako, nenda nao. Kitako nimekikwangua mwenyewe kwa msasa wiki nzima, mfereji nimeusafisha, noti inapita tena. Kimebaki cheusi chenye mikwaruzo.

Wiki hii ametoa tangazo jipya analolenga watu wa Kaliua na Sikonge. Picha ya theluji ameitoa. Badala yake kaweka kitako chenye majani ya mwembe juu ya mkeka mwekundu, maandishi yanasema "kazi yetu, mteja karidhika". Hicho ni changu, alikipiga picha kabla hakijaanza kubanduka.