Boti ya Tarawa iliyochongwa Lamu: sifa na lawama za karakana moja ya Langoni

Karakana ninayoisema haina bango. Shika Usita wa Mui kuelekea Langoni, ingia kichochoro kinachopanda mlimani, na utasikia randa kabla hujauona mlango. Ndani yumo mzee na wajukuu wake wawili, wanachonga mifano ya majahazi, mashua na mitepe. Wageni wengi hununua vile vidogo vya kutia mkobani. Mimi niliagiza kitu ambacho hakikuwamo rafuni: boti ya vita ya Wamarekani, ile ya kushushia askari ufukweni, ikiwa imekwama juu ya mwamba wa Tarawa, kule Pasifiki walikopigana na Wajapani.

Mwenye haja hasa ni binti wa mgeni wetu wa zamani wa Shela. Baba yake alikuwa akija kila kaskazi, tangu siku ambazo mimi ni baharia wa mashua ya watalii mpaka nikaja kusimamia nyumba ya wageni. Ujanani alikuwa askari wa Marine wa Marekani, Divisheni ya Pili. Tulikuwa tukimpeleka Manda Toto, na maji yakipwa wageni wengine huruka wakatembea hadi mchangani, viatu mkononi. Yeye hakushuka hata siku moja. Alikaa mashuani, kofia usoni, akangoja maji yajae mpaka chombo kifike pwani kabisa. Nahodha wangu alidhani anaogopa miiba ya mwambani. Ilipita miaka ndipo akanieleza, tena kwa maneno machache, kwamba aliwahi kutembea majini namna ile, maji ya kifua, na wengi aliokuwa nao hawakufika. Amekwisha kufariki. Binti yake alitaka mfano wa ile boti akauweke karibu na picha ya babake, na akataka uchongwe huku, mahali alipopapenda mzee.

Basi nikaenda Langoni na picha na vipimo nilivyochapisha. Boti zenyewe huitwa Higgins, kwa jina la Andrew Higgins wa New Orleans aliyezitengeneza. Kabla ya vita alikuwa akiunda vyombo vya kupita vinamasi vya Louisiana, vya watega wanyama na watafuta mafuta, vyombo vya maji kidogo kama wanavyovitaka wakata boriti wetu mikokoni. Ile ya vita ilikuwa na urefu wa kama mita 11 na upana wa mita 3 na kitu, mwili wa plaiwudi, na omo yake, yaani sehemu ya mbele, ni mlango wa chuma unaoangukia mbele. Ilibeba askari 36.

Yule mzee, ambaye wote humwita Ami, alivaa miwani, akaziangalia picha kidogo tu, akaziweka kando. La kwanza aliloniuliza lilihusu maji. Siku hiyo yalikuwa bamvua, yaani yanayojaa sana, au maji mafu, yasiyojaa sana?

Hapo ndipo nilipojua nimefika kwa mtu anayefaa. Nimeingia maduka mengine ya mapambo, si Lamu tu, ambako ukionyesha picha unaulizwa rangi na bei. Huyu alitaka kujua chombo kilikwamaje kabla hajashika patasi. Nikakaa nikamweleza.

Tarawa ni visiwa vya matumbawe katika bahari ya Pasifiki, leo viko ndani ya nchi ya Kiribati. Wakati huo vilikuwa chini ya Mwingereza kama sisi tulivyokuwa, mpaka Wajapani walipoviingia Desemba 1941. Kwenye kisiwa kimoja kidogo, Betio, walijenga uwanja wa ndege na kuuzungushia mahandaki ya zege na magogo ya minazi. Urefu wa Betio ni kama kilomita 3, na upana haufiki hata kilomita moja. Wamarekani waliutaka uwanja ule ili waende mbele, visiwa vya Marshall. Mbele ya ufuko kuna mwamba uliotandaa kama baraza mbele ya nyumba, na kutoka ukingo wake mpaka mchangani ni zaidi ya mita 500. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1943 mawimbi matatu ya kwanza ya askari yalikwenda kwa vyombo vyenye minyororo, ambavyo hupanda mwamba na kuushuka. Waliofuata walikuwa ndani ya boti za Higgins. Boti iliyojaa watu hutaka maji ya futi nne hivi. Juu ya mwamba palikuwa na futi tatu au pungufu. Boti zikagota, milango ikafunguliwa, na vijana wakaanza kutembea, bunduki juu ya vichwa, wakipigwa risasi kutoka mbele na ubavuni.

Ami alinikata. Akataka tarehe ya mwezi, si ya Kizungu. Nilikuwa nimeihesabu nyumbani: inaangukia kama mwezi 22 wa Mfunguo Pili, mwaka 1362. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mwezi 22? Mai mafu hayo, mwanangu. Kwani hawakuwa na mtu wa bahari?"

Walikuwa naye. Meja Frank Holland alikuwa ameishi visiwa vile miaka mingi, akawaonya kwamba siku hizo maji hayatatosha. Wakuu walijua kuwa ni hatari, wakaona hawawezi kungoja. Miaka mingi baadaye wataalamu walipiga hesabu wakakuta si maji mafu peke yake: mwezi ulikuwa katika robo ya mwisho na pia mbali na dunia, kwa hiyo maji yalipanda kidogo mno. Ami hakuhitaji wataalamu. Ameshakwama Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, mara nyingi akienda Mtangawanda kisiwani Pate, kama sisi sote, na anajua abiria akiambiwa ashuke asukume huwa katika hali gani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema sasa anajua namna ya kuiweka ile boti: isikae sawa kama imetia nanga, tezi, yaani nyuma, iwe chini, omo imeinuka juu ya jiwe.

Na ndivyo alivyoiweka. Ukiitazama kwa ubavu unaona mara moja kwamba chombo hiki kimegota kikiwa kinakwenda mbio, hakikuegeshwa. Ni tofauti ya nyuzi chache tu, lakini ndiyo kazi yenyewe. Mfano una urefu wa sentimita 55, yaani mara ishirini ndogo kuliko boti ya kweli. Mwili ni plaiwudi nyembamba iliyolowekwa na kupindwa juu ya mataruma (mbavu za chombo) ya mwembe. Mlango wa omo ameukata kwenye bati la kopo, bawaba zake ni nyembamba kama sindano, na minyororo miwili inaushikilia. Ukiinua kwa kidole unafunga, ukiachia unaanguka kwa kishindo kidogo. Mjukuu wake mdogo ndiye aliyefanya bawaba zile, na jina lake halimo kwenye risiti, kwa sababu risiti yenyewe hakuna.

Mambo mawili tulibishana. Binti wa mgeni wetu alitaka watu ndani ya boti na majini. Ami alisema sanamu za watu hachongi, na hilo kwake halina mjadala. Nilipomwandikia binti alikubali bila taabu. Badala yake Ami alichomeka kijiti mwambani, mbele ya mlango, akakitia alama za futi kwa wino, na mstari mwekundu kwenye futi ya tatu. Ukipiga magoti ukalinganisha ule mstari na kina cha boti, huhitaji tena kuelezwa kitu. La pili lilikuwa jicho. Majahazi yetu yana jicho omoni, na wajukuu walitaka kulitia kwa heshima ya marehemu. Nilikataa. Mfano huu ni wa boti ile, na boti ile haikuwa na jicho. Kukumbuka watu kunataka ukweli wa vitu vyao, hata vidogo. Ami aliniunga mkono.

Sasa lawama, kwa maana zipo. Kwanza, rangi. Boti hizi zilikuwa za kijivu kisichong'aa, na mimi nilipeleka picha. Nilipokwenda kuichukua niliikuta imepakwa vanishi inang'aa kama kabati la bibi harusi. Waliipiga msasa na kuipaka upya bila kunidai, lakini ukitazama chini ya tezi bado utaona mng'aro. Pili, mwamba. Walikuwa wameanza kuujenga kwa vipande vya matumbawe ya kweli vilivyookotwa ufukweni. Jamani, hilo msikubali. Matumbawe hayatoki nje ya nchi bila kibali, na mgeni wako ndiye atakayeaibika uwanja wa ndege. Uliofika Marekani ni wa unga wa mbao na gundi, umekorogwa ukakauka, na kwa macho yangu ni mzuri zaidi kwa sababu waliuchonga mashimo na mifereji kama mwamba unavyokuwa kweli. Tatu, ahadi. Ukiambiwa wiki ijayo, hesabu mwezi. Simu hawapokei wakiwa kazini; inakubidi uende mwenyewe.

Bei ilikuwa shilingi 18,000 kwa boti na 4,000 kwa mwamba na kisanduku chake. Kuna watakaosema ni ghali, kwa kuwa jahazi dogo unalipata kwa elfu mbili tatu. Silalamiki hata kidogo. Jahazi wanalichonga macho yamefumbwa. Hii ilibidi wajifunze. Kisanduku kimefungwa kwa skrubu, ndani kimejazwa vumbi la randa na vitambaa, na boti imefungwa kwa uzi kwenye mataruma yake isicheze. Ilipita mikono mingi njiani na ikafika bila kuvunjika hata mnyororo.

Binti aliandika kwamba kitu cha kwanza alichokiona ni kile kijiti. Alinieleza pia jambo ambalo baba yake hakulijua kwa muda mrefu wa maisha yake. Vita vile vilikwisha kwa saa 76, na Wamarekani zaidi ya 1,000 walikufa. Upande wa Wajapani walikuwa watu zaidi ya 4,500, pamoja na vibarua wa Kikorea, na askari wa Kijapani waliotekwa wakiwa hai ni 17 tu. Marine walizikwa haraka palepale, kisha uwanja wa ndege ukapanuliwa, na makaburi mengi yakapotea chini ya ujenzi. Mwaka 2015 ndipo lilipochimbuliwa moja ya makaburi hayo ya pamoja, na ndani yake alikuwemo Alexander Bonnyman, aliyepewa nishani kuu kuliko zote za Marekani. Alirudishwa kwao Tennessee akazikwa na jamaa zake, miaka zaidi ya 70 baada ya kuuawa. Wengine bado wako Betio, na watu wa Kiribati wanaishi juu yao na kuvua kwenye mwamba uleule.

Baada ya Tarawa jeshi lao lilianza kupeleka wapiga mbizi kupima miamba kabla ya kushusha watu, na vyombo vyenye minyororo vikaongezwa sana. Visiwa vilivyofuata, Saipan, Peleliu, Iwo Jima, vilikula watu wengi zaidi, lakini kosa la maji halikurudiwa namna ile.

Kazi hii ilipokwisha nilimwagiza Ami nyingine, na hii ni yangu mwenyewe. Februari 1944, miezi mitatu tu baada ya Tarawa, meli Khedive Ismail ilitoka Kilindini ikielekea Colombo. Ndani yake walikuwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga, na ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300. Ni vita vilevile, adui yuleyule, na bahari ni hii yetu. Wamarekani wamejenga makumbusho, wanataja majina, binti wa Marine anatafuta fundi upande wa pili wa dunia. Sisi tuna wazee waliokwenda vitani Bama (Burma) pamoja na Keya, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika, na wengine waliozama kabla hawajafika, na sijawahi kuona Lamu hata picha moja ya meli ile ukutani. Ami alipoisikia habari hii aliniuliza ilikuwa na mabomba mangapi ya moshi na milingoti mingapi. Hajataka malipo ya mbele.

Kwa hiyo, kama una mtu wenu wa kumkumbuka, na alikuwa na chombo, peleka kazi pale. Chukua picha za pande zote, vipimo vilivyoandikwa, na sampuli ya rangi kwenye kipande cha mbao, si kwenye simu. Sema mapema kwamba hutaki vanishi. Lipa nusu na uandike mwenyewe kwenye daftari mlichokubaliana, wao watatia sahihi. Nenda asubuhi au baada ya alasiri, adhuhuri wamefunga. Na mwezi wa Mfunguo Sita usijisumbue kabisa, kwa sababu mji mzima uko kwenye Maulidi na wajukuu wote wawili wanapiga matari.