Mvuke wa Nyali mtamu, lakini lile bango la saratani litolewe

Spa ya mvuke huku Nyali, jina nalihifadhi. Kwa usafi nawapa alama zote, chumba kinanukia mkaratusi, maji baridi ya ndimu yanakungoja nje na yule dada wa taulo ana adabu sana mashallah. Shida ni bango la mlangoni, ati joto linaamsha protini za mshtuko wa joto na hizo zinazuia saratani. Nusu ya kwanza ni kweli, seli ikipata joto inatengeneza hizo protini ili zile zingine zisipoteze umbo, mwanasayansi Mwitaliano Ritossa aliona dalili za kwanza za jambo hilo kwenye kromosomu za nzi wa matunda akaziandika 1962. Lakini nusu ya pili jamani! Susan Lindquist, mwanabayolojia wa molekuli kule Marekani, na wenzake walionyesha 2007 kwamba panya waliokosa HSF1, yaani ile swichi inayowasha hizo protini, hawakushikwa na uvimbe wa saratani kirahisi kama wengine, manake seli ya saratani inazitegemea protini hizo hizo ili iishi, ndo maana watafiti wanasaka dawa za kuizima HSP90, mojawapo ya protini hizo, na Japani ishapitisha moja, pimitespib, 2022, ya uvimbe fulani wa tumbo na utumbo. Nilimweleza meneja, akasema ataangalia, bango bado lipo. Nilimkuta mama mgonjwa pale anauliza kama aache kliniki, iliniuma sana, nikamwambia mamangu dawa usiache kabisa. Kwa uchovu wa mgongo nendeni tu, bei sawa, ila jioni kunajaa.