Renée Fleming nje ya opera: uanze na Haunted Heart au Dark Hope?

Ukiweka albamu ya Dark Hope (Decca, 2010) bila kutazama jalada, hutadhani ni soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, anayeimba. Nyimbo 11, nyingi za roki, za Muse, Arcade Fire, Leonard Cohen na wenzao, zote zimeimbwa kwa sauti ya chini kabisa. Ni Renée Fleming huyohuyo aliyeingia Metropolitan Opera (Met), jumba la opera la New York, mwaka 1991 kwa kazi ya Mozart.

Ugumu wa kuvuka hivi kutoka opera uko kwenye maiki. Opera kwa kawaida haitumii maiki, na ukumbi wa Met unachukua watu kama 3,800, kwa hiyo mwimbaji hufundishwa kuifanya sauti ipenye juu ya orkesta. Akipanda, taya hushuka, na irabu i na u huanza kuelekea a. Ndiyo maana maneno ya sauti ya kwanza hupotea huko juu, jambo ambalo kila mwalimu wa kwaya amelipigia kelele. Sauti hiyohiyo ukiiweka sentimita 10 kutoka kwenye maiki, ule ukali uliovuka orkesta unakwaruza masikio, na mtetemo wa sauti uliopendeza ukumbini unasikika kama wa mtu mwenye homa.

Fleming amekwepa hayo kwa kushukia sauti ya kifua, ile nzito ya chini, kuupunguza mtetemo na kutamka maneno kama anaongea. Kwa ufundi wa koo, amefaulu. Tatizo ni mpangilio wa muziki: prodyuza David Kahne amerundika vinanda na ngoma hadi sauti inakosa pa kupumulia. Na Hallelujah ya Cohen, jamani, imeshaimbwa na kila mtu.

Haunted Heart (2005), albamu yake ya jazi, ni habari nyingine. Kuna piano ya Fred Hersch na gitaa la Bill Frisell, basi. Hakuna pa kujificha. Hapo ndipo inapojulikana kwamba jazi kwake si ugeni: akiwa mwanafunzi huko Potsdam, New York, aliimba na kikundi cha watu watatu kwenye baa, hadi mpiga saksofoni Illinois Jacquet akamwalika kwenye ziara. Alikataa, akaendelea na masomo. River ya Joni Mitchell ndiyo ya kusikiliza kwanza. Kasoro yake ni kuteleza: anaikamata noti kwa chini kisha anaipandisha, na kwenye nyimbo za polepole tabia hiyo inachosha.

Usisikilize kwa spika ya simu. Inakata besi, na kwenye Dark Hope sehemu kubwa ya uimbaji iko huko chini. Utabaki na pumzi na herufi s tu. Tumia hedifoni.

Kama pesa inatosha albamu moja, chukua Haunted Heart. Dark Hope inawafaa zaidi waimbaji wa sauti ya pili wanaojifunza kuimba chini kwenye maiki bila kukandamiza koo: waifuate kwa sauti ndogo, ubeti mmoja mmoja, na koo likianza kukaza wapandishe ufunguo nusu toni.