Kuwa kocha wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani: kupitia chumba cha video au kupitia jina la uchezaji?

Njia ya video ni ndefu. Erik Spoelstra aliingia Miami Heat mwaka 1995 kukata picha za mechi. Ukocha mkuu aliupata 2008. Kazi yenyewe ni kuchambua mechi za mpinzani, kupanga mashambulizi yake kwa aina, kisha kumkabidhi kocha klipu chache kabla ya mazoezi. Chache kweli, maana zikizidi wachezaji husinzia. Malipo ni madogo, usiku mrefu, ila mifumo ya kila timu inakukaa kichwani. Tatizo ni kwamba nyota watakupima kwanza.

Mchezaji mstaafu huheshimiwa tangu siku ya kwanza. Steve Kerr alipewa Golden State Warriors 2014 bila kuwahi kufundisha, akatwaa ubingwa 2015. Lakini alishakuwa meneja mkuu wa timu ya Phoenix Suns, na aliajiri wasaidizi wazoefu kama Ron Adams. Mwaka huohuo Derek Fisher alitoka kucheza moja kwa moja hadi New York Knicks. Februari 2016 akafutwa kazi.

Kuita taimauti (kusimamisha mchezo kwa muda mfupi) kwa wakati na kupanga zamu za wachezaji hujifunzwa benchi. Mwenye jina ni bora aanze kama msaidizi. Asiye nalo, video ndiyo mlango.