Tahadhari: Muuzaji wa Vipepeo Waliokaushwa Anayedai "Walikufa Wenyewe"

Ndugu wakusanyaji wa vipepeo, pamoja nanyi mnaotaka kumzawadia mtu fremu ya vipepeo, naomba mnisome kabla hamjatuma fedha. Mwezi uliopita niliagiza mtandaoni sanduku la vipepeo sita kutoka kwa muuzaji aliyetangaza kuwa wote ni wa kufugwa, kwamba walikufa wenyewe kwa uzee, na kwamba nyaraka zao zimekamilika. Nilichokipokea hakikuthibitisha hata kauli moja kati ya hizo, na muuzaji huyo bado anaendelea kuuza.

Nianze na hiyo ya kufa kwa uzee, kwa kuwa ndiyo iliyonishawishi kununua. Kipepeo aliyemaliza siku zake huwa amechakaa: kingo za mabawa zimemeguka, magamba yamepukutika hadi rangi ikafifia, na pengine kipande cha bawa la nyuma kimenyofolewa na ndege. Hawa sita hawakuwa na hata mkwaruzo. Kipepeo mkamilifu namna hiyo, kwa kawaida, ameuawa muda mfupi baada ya kutoka kwenye pupa (gamba ambamo kiwavi hugeuka kipepeo) na mabawa yake kukauka, na wafugaji waaminifu hawalifichi jambo hilo. Sipingi ufugaji hata kidogo. Huko Bulolo, Papua New Guinea, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 1978 uliwawezesha wanavijiji kupanda mimea inayoliwa na viwavi na kuuza vipepeo wanaopatikana, hivyo msitu uliosimama ukawa na faida kwao kuliko uliofyekwa. Kinachoniuma ni kwamba mtu anayenidanganya kuhusu jinsi kipepeo alivyokufa sina sababu ya kumwamini anaponieleza alikotoka.

Alikotoka huonyeshwa na lebo. Chini ya kipepeo, kwenye pini ileile iliyopita kifuani, hukaa kikaratasi chenye mahali alipopatikana, tarehe na jina la aliyemkusanya. Bila hicho, kipepeo hubaki kuwa pambo tu. Nilipofungua sanduku nilikuta vikaratasi sita vya mwandiko mmoja, vyenye tarehe moja na mahali pamoja, ilhali mmoja wa vipepeo hao alikuwa Morpho, ambaye makazi yake ni bara la Amerika, na mwingine alikuwa Trogonoptera brookiana wa misitu ya Malaysia na Indonesia.

Huyo wa pili ndiye aliyenitia hofu zaidi. Jenasi yake (kundi la spishi za karibu), pamoja na jenasi za Troides na Ornithoptera, imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwa hiyo anapouzwa kwenda nchi nyingine, hata akiwa mmoja na mkavu, sharti asafiri na kibali kilichotolewa na nchi anayotoka. Muuzaji alinijibu kwamba vibali ni vya shehena kubwa tu. Si kweli. Ornithoptera alexandrae, kipepeo mkubwa kuliko wote duniani, yumo katika Kiambatisho cha Kwanza chenye masharti makali zaidi, na mwaka 2007 mahakama ya Marekani ilimhukumu Hisayoshi Kojima kifungo cha miezi 21 kwa kuingiza vipepeo wa aina hiyo kimagendo.

Kisha kuna yule aliyeuzwa kama "kipepeo adimu sana", ambaye ndiye aliyepandisha bei ya sanduku zima. Nilimtazama kwa lenzi. Papasi za kipepeo, yaani zile nyuzi mbili za kichwani, huishia na kifundo kama rungu dogo, na zake zilikuwa na vifundo hivyo, lakini pale zilipoungana na kichwa kulikuwa na tone la gundi linalong'aa. Alikuwa Chrysiridia rhipheus, nondo wa Madagaska anayeruka mchana, ambaye papasi zake hazina vifundo, aliyebandikwa papasi za kipepeo mwingine. Asijilaumu sana aliyedanganywa hivi, kwani mwaka 1702 mkusanyaji Mwingereza James Petiver alipelekewa kipepeo wa njano mwenye madoa meusi, baadaye Linnaeus, mwanasayansi aliyeanzisha mfumo wa majina ya viumbe, akampa jina la spishi mpya, na ni mwaka 1793 tu ambapo Fabricius, mtaalamu wa wadudu, aligundua kwamba madoa yale yalikuwa yamechorwa kwa rangi.

Morpho wangu, kwa haki, ni halisi: ukimwinamisha chini ya taa, buluu yake huhama na kuzimika, kwa sababu hutokana na umbo la magamba na si rangi iliyopakwa, na upande wa chini ni wa kahawia wenye madoa kama macho.

Kabla ya kulipa, dai picha ya kila kipepeo kwa upande wa chini, picha ya lebo inayosomeka, na nakala ya kibali kwa spishi zinazohitaji. Nilipoyaomba hayo baada ya kuletewa mzigo, muuzaji alinizuia nisiweze kumwandikia tena, na siku tatu baadaye tangazo lilirudi kwa jina jingine. Picha ni zilezile: fremu nyeusi, vipepeo sita katika safu mbili, na nondo wa juu kulia ana papasi moja fupi kuliko nyingine.